Chupa ya Mafuta Iliyoganda Safarini

Mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe nyumbani Kibokoni, Mombasa, yalifika London yakiwa jiwe. Nilikuwa nimeyatia kwenye chupa ya lita moja, nikaizungushia leso mbili na kuisindika katikati ya sanduku isije ikapasuka. Dadangu aliipindua chupa juu ya kiganja chake, akaitikisa, hakikudondoka hata kitone. Tukaangaliana. Mafuta yale ndiyo niliyoitiwa. Dada alikuwa na mtoto wa siku 9, nami nimetoka Mombasa kuja kumkanda na kumwangalia mpaka arubaini yake iishe.

Ilikuwa Disemba 2018. Huku kwetu kaskazi lishaanza kuvuma, watu wa bara wanateremka na treni kuja kuogelea, na hakuna wikendi isiyo na harusi. Kwangu mimi Disemba ni mwezi wa kujipamba kwenye joto: asumini jioni, hina, leso mpya kutoka Biashara Street. Baridi yetu ni ya Julai, kusi likivuma, pale mafuta ya nazi asubuhi yanapofanya utando mweupe shingoni mwa chupa, na ukiyatoa juani kidogo yanarudi kuwa maji. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Jikoni kwa dadangu, na radieta zikiwaka, kipimo cha ukutani kilisoma 19.

Nikaisimamisha chupa kwenye bakuli la maji moto, na baada ya dakika kumi mafuta yakayeyuka. Nikafurahi, nikidhani jambo limekwisha.

Wiki ya kwanza ngozi yangu ilipauka, jambo nililolitarajia. Wiki ya pili vifundo vya vidole vikapasuka, na asubuhi moja nikaona damu kwenye nepi ya mtoto. Nilishtuka, nikamkagua mtoto mwili mzima, kumbe damu ni yangu. Visigino vikafanya magaga ambayo mimi nilikuwa nimeyaona kwa wazee tu. Midomo ndiyo usiseme. Nikicheka inachanika.

Sababu ya kwanza ilikuwa maji yenyewe. Mchana wa Disemba kule ni mfupi mno, jua linazama kabla ya saa 10 alasiri, kwa hiyo adhuhuri, alasiri na magharibi zote zinaangukia ndani ya muda wa saa 4 hivi. Unatawadha, unajifuta, hujakaa unatawadha tena. Katikati kuna nepi na vyombo, na nguo za mzazi. Na kwa kuwa baridi ilikuwa inaniingia mpaka mifupani, nilikuwa nikioga maji ya moto nusu saa nzima, nikitoka mwekundu, nikijifuta mpaka nikauke kabisa ndipo nijipake mafuta. Niliyapaka mengi mpaka shuka zikalowa. Asubuhi ngozi iko vilevile, kama karatasi.

Nikampigia nyanya simu. Nikamwamkua, akaitikia, akaniuliza hali ya mzazi na kichanga, kisha nikamwonyesha mikono yangu kwenye kamera. Hakushtuka hata kidogo.

"Wajipaka ushajifuta, ama ungali maji maji?"

"Nishajifuta, nyanya."

"Basi wajipaka nini, mwanangu? Mafuta ni kifuniko hayo. Sufuria tupu waifunika ya nini?"

Nilinyamaza. Nyanya ndiye aliyenilea, na tangu utotoni sijawahi kumwona akimpaka mtoto mafuta mtoto akiwa mkavu. Alikuwa akitutoa kwenye karai tukichuruzika, anatupapasa na leso mara moja, halafu anamimina mafuta kiganjani na kuyasambaza juu ya yale maji. Mimi nilidhani ni haraka zake, kwa kuwa tulikuwa watoto saba na maji ya kisima ni ya kugawana. Nilipokua nikajiona najua zaidi, nikawa najifuta vizuri kwanza. Huku Mombasa kosa hilo halikunidhuru, maana hewa yetu yenyewe imejaa maji. Chumvi ya mezani inalia ndani ya kikopo, leso ukiianika baada ya magharibi utaikuta mbichi. Ngozi inafunikwa na bahari, hata ukikosea.

Kule London chumvi ilikuwa inamiminika kama mchanga. Nilipoiona hiyo chumvi ndipo nikaelewa. Hewa ya baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi. Ikiingia ndani na kupashwa na radieta inakuwa na kiu, inanyonya maji popote itakapoyapata: kwenye mbao, kwenye nguo, kwenye midomo ya watu. Mafuta hayaongezi maji mwilini, yanayazuia yaliyopo yasitoke. Na maji ya moto yanaosha ule utelezi ambao ngozi huutengeneza yenyewe, kwa hiyo mimi nilikuwa nikivua kifuniko kila siku na kukirudisha sufuria ikiwa tupu.

Tukabadilisha mwendo wa nyumba nzima. Kuoga ni dakika tano, maji ya uvuguvugu, sabuni kwapani na penye haja tu. Taulo ni ya kugusisha, si ya kusugua. Mafuta yapakwe kabla hujatoka bafuni, mvuke ukiwa ungalimo. Baada ya kutawadha, kitone kwenye kila mkono kabla ya kuufikia mswala. Usiku nilikuwa nikitandaza leso mbichi juu ya radieta ya chumba cha mzazi. Asubuhi inakuwa imekauka kama imepigwa pasi, na koo hazikuwashi. Baada ya siku nne vidole vyangu vilifunga. Nasema siku nne, baada ya wiki mbili za kutoka damu.

Mafuta yenyewe niyaeleze, maana kuna wanaoyanunua tu na hawajui yanatoka wapi. Unachukua nazi zilizokomaa, zile ambazo ukizitikisa maji yake yanasikika. Unazikuna kwenye mbuzi, unakamua tui bubu bila kutia maji mengi, unalichemsha kwa moto wa polepole. Mwanzo linatokota kwa kelele, kisha kelele zinapungua, chembe zinaanza kuwa kahawia na mafuta yanapanda juu. Kazi ni kungoja hapo. Ukiipua mapema, maji yanabaki ndani na mafuta yatachacha kabla ya mwezi. Ukichelewa, yananuka moshi. Nyanya husikiliza: sufuria ikinyamaza, anazima moto. Nazi 12 zilinipa lita moja na kidogo.

Kwa baridi ya kule mafuta ya nazi peke yake yalikuwa na usumbufu, kila mara kuyayeyusha. Nikayachanganya nusu kwa nusu na mafuta ya simsim, ambayo hayagandi upesi hivyo, mchanganyiko ukawa laini wa kuchota kwa kidole. Kwa midomo na visigino nilitafuta nta ya nyuki, nikaiyeyusha ndani ya bakuli lililowekwa juu ya maji yanayochemka: sehemu moja ya nta kwa sehemu nne za mafuta. Ukizidisha nta inakuwa mshumaa, haipakiki. Kuna siku nilitaka kutia harufu, nikadondosha mafuta ya karafuu yale makali ya dukani, matone mengi kupita kiasi. Midomo iliniwaka jioni nzima. Mafuta hayo ni makali sana kwa ngozi. Tangu hapo naloweka karafuu nzima ndani ya mafuta ya nazi yenye joto kidogo kwa siku kadhaa, halafu nachuja. Harufu inakuwa ya upole na haichomi.

Kwa uso nilichanganya gliserini na marashi ya waridi, sehemu moja kwa mbili. Gliserini huvuta maji, na palipo na hewa kavu inaweza kuyavuta kutoka ndani ya ngozi yako mwenyewe, kwa hiyo isiachwe bila mafuta juu yake. Tena ni kifuniko kilekile cha nyanya.

Shemeji alikuwa na shida yake. Kila akinyoa ndevu, anajimiminia yale maji ya dukani yenye spiriti, na uso unamwasha mpaka kazini. Nilimpa kipande cha shabu, kile ambacho vinyozi wetu hupitisha shavuni baada ya wembe. Akilowesha, akipitisha, akisuuza, kisha mafuta kidogo, maana shabu nayo inakausha. Vipele vya shingoni vikapungua.

Nywele zangu zilipata taabu ya kofia. Sufu inakwaruza na kunyonya, na nywele za mbele zikaanza kukatika. Dada alinishonea kitambaa cha satini ndani ya kofia, na kila Jumamosi tulikuwa tukiloweka uwatu tangu usiku, asubuhi tunausaga unakuwa kama mlenda, tunapaka kichwani na kufunga taulo iliyochovywa maji moto. Nusu saa, tunasuuza, mafuta nywele zikiwa mbichi. Harufu ya uwatu inabaki siku mbili. Mimi siichukii, inanikumbusha chumba cha nyanya.

Kuhusu hina nitakaa kidogo, kwa sababu nina alama mkononi.

Nilipokuwa na miaka 17, kwenye harusi ya Disemba mtaani kwetu, aliyetupaka alichanganya piko ili rangi iwe nyeusi tii. Lilipendeza kwa siku mbili. Siku ya tatu mkono uliwasha, ukavimba, ua lote likainuka kwa malengelenge, kila jani na kila kikonyo. Daktari alinieleza kwamba piko ni rangi ya nywele, ina kemikali ya PPD, na kwamba mwili ukishaikataa mara moja utaikataa siku zote, hata kichwani. Ulaya inaruhusiwa kwenye rangi za nywele tu, kuipaka ngozini ni marufuku. Alama ya ua lile ningali nayo, nyeupe, chini ya kiwiko. Hina ya mhina haiwezi kuwa nyeusi kama wino kwa saa moja. Rangi yake ni nyekundu ya kahawia, na inangojewa. Nikimwona binti anakimbilia piko kwa ajili ya likizo, namwonyesha mkono wangu, sina maneno mengine.

Basi arubaini ya dada ilipokaribia nilimpaka hina safi: unga wa mhina, maji ya ndimu, sukari kidogo ili isibanduke, ikalala usiku mzima kabla ya kupakwa. Mara ya kwanza ilitoka rangi ya chungwa tu, imefifia. Baridi tena. Mikono yake ilikuwa kama barafu, na hina hutaka joto ndipo iingie. Mara ya pili alikaa karibu na radieta, nikamfunga mikono kwa vitambaa vya pamba, akakaa saa 6, na siku nzima hakugusa maji. Kesho yake rangi ilikuwa imeiva kama tunavyoijua. Alitazama viganja vyake akalia. Alikuwa hajapakwa hina na mtu wa nyumbani kwa miaka mingi.

Mtoto hatukumpaka, ingawa kwetu wapo wanaowatia watoto nyayoni. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu, na hina inaweza kuwavunja chembe hizo. Upungufu huo si nadra katika sehemu zenye historia ya malaria kama pwani yetu. Mtoto ataipata hina yake akikua.

Udi nao ulitufundisha. Siku ya kwanza nilipowasha chetezo ili kumfukiza mzazi na nguo zake, king'ora cha moshi kililia nyumba nzima na mtoto akazirai kwa kilio. Nikazima, nikakaa kwenye ngazi na chetezo changu, nimevunjika moyo. Nyumba isiyo na udi siku za arubaini niliiona kama nyumba isiyo na taa. Tukapata njia nyingine: sufuria ndogo ya maji jikoni, moto wa chini kabisa, ndani maganda ya chungwa, vijiti vya mdalasini, iliki zilizopondwa na karafuu nilizotoka nazo soko la Marikiti, Mombasa. Harufu ikatambaa hadi mlangoni, na ule mvuke ukawa unailainisha hewa vilevile.

Harufu hiyo ndiyo iliyomleta jirani. Alikuwa bibi wa Kiingereza anayeishi peke yake ghorofa ya chini. Alibisha mlango kutuuliza tunapika nini, kwa kuwa ilimkumbusha Krismasi za utotoni mwake. Dada alimkaribisha chai. Nikaona mikono yake: imepasuka kama yangu ya wiki zile mbili. Nikampa kikopo cha mafuta yenye nta, nikamwonyesha kwa vitendo, kunawa, kugusisha kitambaa, kupaka kabla ya kukauka. Kiingereza changu kilitosha.

Siku mbili kabla ya Krismasi alirudi na machungwa matatu na utepe mwekundu. Akatufundisha kazi ya kwao: unatoboa ganda kwa sindano nene, unachomeka karafuu kwenye kila tundu mpaka chungwa zima livae karafuu, unalivingirisha kwenye unga wa mdalasini, unalifunga utepe na kulitundika mahali pakavu penye joto. Linasinyaa polepole, linakuwa gumu na jepesi, na linanukia miezi. Tulifanya kazi hiyo mezani, watu watatu, mtoto amelala kwenye mapaja ya yule bibi. Nilimwambia karafuu kwetu pwani ni mali ya visiwa vya jirani, kwamba katika karne ya 19 Unguja na Pemba ndizo zilizokuwa zikiuza karafuu nyingi kuliko mahali pengine. Alizigeuza zile punje kiganjani kana kwamba anaziona kwa mara ya kwanza. Mwaka huo hatukununua zawadi hata moja. Majirani wote wa ngazi yetu walipata kikopo cha mafuta, na wafanyakazi wenzake shemeji vilevile.

Nilirudi Mombasa mwisho wa Januari, kaskazi likiwa kali. Nilishuka na tabia zangu mpya, nikajipaka mchanganyiko wa simsim mwili mzima kila nikioga, na baada ya siku tatu nikatoka harara mgongoni na shingoni. Nyanya alinicheka kwa huruma. "Sasa wafunika sufuria inayochemka!" Kwenye joto letu jasho linataka njia, kwa hiyo Disemba na Januari mafuta yawe matone tu, mikononi na miguuni, na mwili upate maji ya liwa, ule mti wenye harufu nzuri, iliyosagwa ambayo inapoza. Mafuta mazito niliyaweka mpaka Julai.

Sasa kila Novemba shule zikifungwa natengeneza vikopo vya kuuza na vya kugawa. Wa bara wanaoteremka na ngozi kavu ya Nairobi nawapa chenye nta kidogo. Maharusi nawasagia singo, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili, ya liwa, manjano, karafuu na maua makavu ya waridi. Jambo moja nawaonya wote, hata wasionunua: msijipake ndimu kisha mkaenda ufuoni. Maji ya ndimu yakikutana na jua kali yanaunguza ngozi na kuacha madoa meusi ya wiki nyingi. Kila msimu namwona angalau msichana mmoja amejiharibu shingo hivyo kwa kutaka kung'ara siku ya sikukuu.

Chungwa langu la karafuu nilikuja nalo sandukuni, limekauka kama gololi. Nikamtundikia nyanya dirishani, upande wa bahari. Kabla ya mfungo limeota ukungu wa kijani kati ya punje. Hewa yetu ilikuwa imelirudishia maji yote. Nilitaka kulitupa, nyanya akanizuia. Alizing'oa karafuu moja moja, akazianika juu ya paa kwenye ungo, na pembeni yake akatandaza maganda mabichi ya machungwa aliyokuwa amekula wiki ile. Siku ya tatu, saa 8 mchana, jua likiwa bado kali na kabla unyevu wa jioni haujashuka, alivikusanya vyote kwenye kipande cha leso kuukuu, akafunga fundo, akakifungia kabatini kati ya leso zake za harusi.